Karani wa Matope

Ukimpelekea Karani habari ya msiba, hakuuliza kwanza marehemu aliugua nini. Aliuliza, "Ulikuwepo au uliambiwa?" Kama uliambiwa, alitikisa kichwa, akasubiri aje mtu aliyekuwepo. Jumapili moja katekista alikuwa anatusimulia habari za Nuhu, amefika pale maji yanapofunika vilele vya milima, tukasikia swali lile lile likitoka benchi la nyuma. Watu waliziba midomo kwa viganja. Mkewe alitoka kanisani akaenda zake nyumbani. Karani mwenyewe hakuona alipokosea. Alikuwa Mlutheri wa kweli, mwanakwaya wa sauti ya nne asiyewahi kuipatia hata siku moja, na kwa maoni yake Nuhu angelijibu swali hilo vizuri kabisa.

Ukarani wa mahakama ya mwanzo ndio uliomharibu hivyo. Aliufanya kwa miaka mingi kabla sijamjua, akiandika maneno ya mashahidi kwa mwandiko ulioushinda wa hakimu. Baadaye, watu walipokusanywa vijijini, akawa katibu wa kamati ya kugawa viwanja. Mimi nilipangiwa kufundisha shule ya msingi huku upande wa Songambele vita vya mwaka sabini na nane vilipokwisha, nikamkuta amestaafu, analima kibanja chake cha migomba na kahawa upande wa pili wa mlima, penye mwamba, jirani na nyumba za walimu. Cheo kilibaki kwake kama kovu. Hata watoto walimwita Karani, na sikumbuki mtu aliyemwita kwa jina la ubatizo isipokuwa mkewe akiwa na hasira.

Alikuwa mrefu, mkavu, anafunga vifungo vya shati mpaka shingoni hata akienda kupalilia. Mfukoni alibeba sindano ya kushonea aliyoichomeka kwenye kizibo cha chupa, na nitasema baadaye ilikuwa ya nini. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, alikunywa, lakini kibuyu hakukimaliza kamwe. Alisema nusu ya pili ndiyo inayosema uongo. Alinikosoa mbele ya wanafunzi wangu. Aliniletea ndizi za kuchoma siku niliyougua, akakaa mlangoni akinieleza kwamba nilijitakia kwa kulala na nywele mbichi. Nilimpenda mno, na mara nyingi nilitamani kumpiga na kitu.

Tena mtu huyu wa ushahidi alimwogopa bundi. Bundi akilia alfajiri, Karani haendi safari, hata kama ameitwa wilayani. Nikamtania, "Karani, huyo bundi alikuwepo au aliambiwa?" Akanitazama kwa masikitiko. "Bundi hahojiwi, Mwalimu," alisema, na safari hiyo hakwenda.

Tope liliingia nyumbani kwake mwaka sabini na nane. Chini ya mlima wetu kuna ziwa dogo, lenye kina, lisilo na mto wa kulitikisa. Kati ya mlima na ziwa kuna ardhi tambarare, nyeusi, inayozaa kuliko zote huku, nasi tunaiita Bondeni. Siku hizo zilikuwapo nyumba kumi na saba, karibu zote za watu ambao wazazi wao walivuka kutoka Burundi na Rwanda kuja kulima na kufanya vibarua. Mwaka huo watafiti walikuja, wazungu wawili na msomi mmoja wa Kitanzania. Wakafunga mapipa matupu yakawa chelezo, wakaenda katikati ya ziwa, wakazamisha bomba la chuma, wakalitoa limejaa tope refu lisilokatika. Walitaka kujua misitu ya Karagwe ilikatwa lini na wafua chuma wa zamani, maana mkaa wa tanuri zao ulisombwa na mvua ukalala ndani ya tope lile. Karani walimwajiri kuandika vibandiko, kwa ajili ya ule mwandiko wake.

Vita vikaja. Mwezi wa kumi magari yalipita usiku na mchana, na watafiti wakaondoka asubuhi moja na mabomba waliyoweza kubeba. Matatu walimwachia Karani. Wakasema watarudi. Wao hawakurudi, zilirudi barua zao tu, naye akayaweka matope chini ya kitanda, akayafunga kwa magunia aliyoyalowanisha kila asubuhi yasipasuke. Alifanya hivyo miaka kumi na zaidi. "Wenzangu wanaogopa kuletewa mke wa pili," mkewe aliniambia siku ya kwanza tulipofahamiana. "Mimi, Mwalimu, nimeletewa tope, na linaogeshwa kabla yangu."

Alilichana tope kwa wembe, likaonyesha mistari myembamba: wa udongo mzito wa mvua, wa weupe wa kiangazi, tena wa mvua, tena wa kiangazi. Mstari wa mvua pamoja na wa kiangazi wake aliuita tabaka moja. Alihesabu kwa ncha ya ile sindano, na kila tabaka kumi aliweka punje ya haragwe mezani. Akipiga chafya alianza upya. Nimemwona akianza upya mara nne kwa mchana mmoja, na mkewe akichukua maharage yale akayapika kwa makusudi.

Habari za mkaa alinieleza kwa kibuyu, kwa kuwa aliona uso wangu umepotea. Mti ukiwa hai, alisema, huvuta kitu fulani kutoka hewani. Ukikatwa au ukiungua, kuvuta kunakoma, na kile kilichomo huanza kupungua polepole, kwa mwendo unaojulikana. Wenye mashine hupima kilichobaki, wakautaja umri wa mkaa.

"Ni kibuyu kinachovuja," alisema. "Ukijua kilijazwa pomoni, na kinavuja kiasi gani kwa siku, utajua kilitundikwa lini. Sawa?"

"Sawa."

"Na kama mjazaji ni mlevi? Leo anajaza pomoni, kesho robo tatu?"

Hewa ndiyo mjazaji mlevi. Haikuwa na kiasi kile kile zama zote, kwa hiyo miaka ya mkaa si miaka ya kalenda. Imepinda, na hainyooki mpaka uilinganishe na kitu kinachojihesabu chenyewe. Nchi za baridi zina miti mikongwe yenye pete za kila mwaka. Sisi tulikuwa na tope. "Shahidi mmoja hafungi mtu," alimalizia, na hilo nalo alilisema mara kwa mara, hata akinunua chumvi.

Barua iliyomfanya akose usingizi ilifika mwaka wa themanini. Iliandikwa kwa taipu, na msomi yule wa Kitanzania aliiweka kwa Kiswahili kizuri. Kipande cha mkaa kilichotoka chini kabisa kilikuwa na kauli tatu. Kilipolinganishwa na miti mikongwe, kingeweza kuwa cha zamani sana, au cha katikati, au cha juzi juzi tu. Mashine haikuweza kuchagua. Kwa hiyo waliyauliza matabaka, tabaka moja mwaka mmoja, nayo matabaka yakaangukia kwenye ile kauli ya zamani sana. Mashahidi wawili wamepatana. Kesi imekwisha, asante kwa msaada wako.

Kwa watafiti ilikuwa habari ya mkaa. Kwa Karani ilikuwa habari ya mawe. Ndani ya tope, mahali patatu, mistari ile myembamba ilikatwa na bonge la kokoto na udongo mwekundu. Zilikuwa kokoto za mlima wetu. Unazikanyaga ukienda kisimani. Kokoto haziendi ziwani kwa miguu. Mara tatu mlima ulikuwa umeporomoka, ukapita juu ya pale Bondeni palipo leo, ukaishia majini. Kati ya bonge na bonge zilikuwapo tabaka mia na ishirini hivi. Juu ya bonge la mwisho, mpaka siku bomba lilipozamishwa, tabaka tisini.

"Imebaki thelathini," aliniambia. "Wajukuu watalishughulikia."

Nilifurahi, nakiri. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Bondeni. Mumewe, shemeji yangu, alizaliwa huku na wazazi wa Kirundi, mtu mpole, mchapakazi, asiyesahau neno baya. Miaka thelathini ilikuwa mbali. Nililala vizuri.

Aliyenivurugia usingizi alikuwa mparachichi. Ulipandwa nyuma ya jikoni la Karani siku mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, na mtoto huyo alikuwa na miaka kumi na sita. Karani alitaka kuona kama miti yetu nayo ina pete za kuaminika. Angeweza kuuliza. Badala yake alingoja mkewe aende Nyakahanga kumtazama ndugu yake aliyelazwa, akaukata. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya kisiki, sindano mkononi.

"Ishirini na tisa upande huu," alisema. "Upande huu thelathini na tatu."

"Mtoto ana kumi na sita."

"Ndiyo."

"Basi mti ni mwongo."

Alikaa pale mpaka jua likatua, na mkewe aliporudi hakumsemesha mpaka mavuno ya kahawa. Lakini mti haukuwa mwongo. Siku tatu baadaye Karani alikuja darasani kwangu katikati ya somo, akasimama dirishani, akawauliza watoto, "Mvua kwetu hunyesha mara ngapi kwa mwaka?" Wakaitikia kwa pamoja, "Mara mbili." Akaondoka. Watoto wakacheka, nami nikacheka nao, sikujua ninacheka nini.

Alasiri aliniita kwake. Tope lilikuwa mezani. Akanipa sindano, akaniambia nihesabu kutoka juu mpaka nikute uzi mwekundu wa mchanga. Nikahesabu. Zilikuwa tabaka thelathini na nne.

"Toa kwenye sabini na nane."

"Arobaini na nne."

"Mwaka wa arobaini na nne haukuwa na mvua ya kuleta mchanga ziwani. Wazee wote nimewahoji, mmoja mmoja, mbalimbali. Huu ni mchanga wa mvua za mwaka wa uhuru, zilizobomoa daraja na kuchukua ng'ombe wa misheni." Akaweka kidole juu ya ule uzi. "Hapo nilikuwepo. Nilisimama ukingoni nikaona ziwa lina rangi ya damu."

Tangu uhuru mpaka mabomba yaje ni miaka kumi na saba. Tabaka zilikuwa thelathini na nne. Masika ilikuwa inaweka lake na vuli lake, kila mwaka mawili, na wageni waliotoka nchi zenye baridi moja kwa mwaka walihesabu kama wanavyohesabu kwao. Ukiigawa hesabu yao kwa mbili, tope lilihama kutoka ile kauli ya zamani sana ya mkaa likaenda kukaa barabara juu ya ile ya katikati. Mashahidi walipatana tena, safari hii kwa kweli. Na ile miaka thelathini iliyobaki, ikawa kumi na mitano.

"Tisini na tatu," alisema. "Kumi zaidi, kumi pungufu. Mlima hausomi kalenda."

Niliondoka bila kuaga. Dada yangu alikuwa amejifungua mtoto wa tatu wiki hiyo hiyo.

Aliwaandikia watafiti. Jibu lilichukua muda, likaja na heshima zote: ni kweli, wamesahihisha, tarehe ya mkaa ni ya katikati, wamemshukuru. Walichosahihisha kilikuwa karatasi. Nyumba kumi na saba zilibaki pale pale.

Basi akalipeleka jambo kwenye mkutano wa kijiji. Nilimsihi aanze kwa kokoto, watu wazione kwa macho. Hakunisikia, alianza kwa mkaa na mjazaji mlevi. Alipofika kwenye mlima kuporomoka, mzee mmoja wa Bondeni akainuka taratibu, akavua kofia.

"Shikamoo Karani. Hayo maporomoko ya mababu, ulikuwepo au uliambiwa?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Karani alisimama katikati yao, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, nami sijawahi kumwonea mtu huruma kama siku ile. Kicheko kilipokwisha ndipo likaja neno baya zaidi. Lilisemwa bila kupaza sauti, na mwanamke aliyekuwa nyuma yangu: "Anayejua siku ya kifo chako, ndiye anayekipika."

Kwetu neno kama hilo halisahauliki. Tangu siku hiyo akina mama walibadilisha njia ya kwenda sokoni wasipite mlangoni kwake. Mtoto wa Bondeni akipata homa, watu walitazama upande wa mwamba. Mtu alimwaga yale magunia ya tope njiani, na Karani akayazoa kwa mikono, akayarudisha chini ya kitanda. Hakulizungumza jambo lile hadharani kwa miaka mingi. Nikimuuliza kwa nini, alijibu kwamba shahidi aliyechekwa hapandi kizimbani mara ya pili. Nilimwambia huo ni woga. Akasema ndiyo.

Mlima nao ulikuwa na namna yake ya kusema. Mibuni ya juu ya Bondeni ilianza kuinama yote upande mmoja, kuelekea ziwani. Milango ikagoma kufungika. Kila kiangazi shemeji yangu aliung'oa mlango wake, akauranda, akaurudisha, na kiangazi kilichofuata mlango ulikuwa umekwama tena. "Mbao za siku hizi," alisema. Nilimsihi dada yangu ahame. Alinijibu, "Nihamie wapi? Nani ametupa?" Kisha akaniambia tusizungumze mbele ya mumewe, maana kila akisikia neno kuhama, hali chakula.

Mkewe alipofariki, Karani alifanya jambo ambalo mpaka leo silielewi vizuri. Aliuacha ule upande wa mwamba, akaenda kujenga kibanda Bondeni, chini kabisa ya mlima, hatua mia kutoka kwa dada yangu. Aliniambia huwezi kumhamisha mtu kwa kumpigia kelele ukiwa kilimani. Ukae naye, mle pamoja, umwambie taratibu, nyumba kwa nyumba. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Lakini watu wetu hawaamini unachosema, wanaamini unapolala. Walimwona Karani akiezeka bati jipya chini ya mlima aliosema utaua, wakatulia mioyo. Mtu hajengi kaburini kwake. Waliokuwa na wasiwasi wakaacha kuwa nao. Wawili waliokuwa wametafuta mashamba kwingine wakarudi. Hata jina la mchawi likafifia. Walimkaribisha kwenye rubisi, akanywa nusu, akawaeleza habari za matabaka, wakamsikiliza kwa upendo kabisa kama mtu anavyomsikiliza babu.

Mwaka wa tisini na tatu ulipita. Kila mvua ilipoanza niliacha chaki nikatoka nje kutazama mlima. Hakikuanguka kitu. Shemeji yangu alinitania mwaka mzima.

Halafu ikaja vuli ya tisini na saba, ambayo haikukoma. Krismasi ilipita mvua inanyesha. Kisima cha Bondeni kilitoa maji mekundu. Karani alishikwa na kifua, wakambeba kwa machela mpaka barabarani, akapata gari la kahawa mpaka hospitali ya Nyakahanga. Nilimfuata baada ya wiki mbili, barabara ilipopitika. Nilimkuta amelala dirishani, ameisha, shati limefungwa mpaka shingoni juu ya mifupa mitupu. Wauguzi walimpenda, aliwauliza maswali.

"Wamehama?" ndiyo iliyokuwa salamu yake.

"Shikamoo. Hawajahama."

"Mimi si nimeondoka?"

"Wanasema umeondoka kwa kifua, si kwa mlima. Wanasema bati lako bado lipo, kwa hiyo utarudi."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kumbe alikuwa anapanga maneno. "Libomoe," alisema. "Mchana, watu wakiona. Usiache hata nguzo. Na kuna la pili. Ile kamati ya viwanja. Mkutano uliahirishwa mara mbili kwa mvua, na wilayani walitaka orodha. Nikachora Bondeni mezani, kwa rula. Nikagawa viwanja kumi na saba, nikaandika majina. Sikufika. Sikushuka pale kuona kwanza, Mwalimu. Ningefika ningeona kokoto."

Nilisimama. Sitaficha nilichokihisi: nilimchukia. Miaka yote hiyo ameuliza watu wengine kama walikuwepo, na dada yangu amelaza watoto wake chini ya mlima kwa mstari wa rula. Nikamwambia hivyo, kwa sauti ambayo wagonjwa wengine walisikia. Aliitikia kwa kichwa kila neno, kama anayeandika.

"Waambie hivyo hivyo," alisema. "Waambie naomba radhi. Na kibanja changu cha kule penye mwamba, wakigawane. Watoto wangu nimewaandikia, wamekubali."

Nilirudi Songambele na hasira yangu yote, na hasira hiyo ilinisaidia. Asubuhi ya pili nilishuka Bondeni na walimu wenzangu watatu, tukaanza kung'oa bati la Karani. Watu walitoka mmoja mmoja, wakasimama kwenye mvua wakitazama. Nguzo ya mwisho ilipolala, nikawaeleza. Sikusema habari za mkaa wala tope. Niliwaambia habari ya meza na rula, na kwamba anaomba radhi, na kwamba ametoa kibanja.

Shemeji yangu alikuwa wa mwisho kusema. "Alituchorea bila kufika?"

"Ndiyo, shemeji."

"Miaka yote hii nadhani walitutupa huku kwa makusudi, kwa ajili ya kule wazazi wetu walikotoka. Na kila mtu akija na habari ya hameni, najua ni kufukuzwa tu, wametafuta sababu nyingine nzuri." Alifuta maji usoni. "Kumbe ni uvivu."

Ulikuwa uvivu. Mtu mmoja mzuri, mwenye mwandiko mzuri, siku ya mvua.

"Anayekufukuza anakuonyesha njia," alisema shemeji. "Huyu ametuonyesha mahali pa kukaa." Akaingia ndani, akaung'oa mlango, safari hii bila randa, akaubeba kichwani akaanza kupanda mlima kuzungukia upande wa mwamba. Dada yangu akamfuata na godoro. Mpaka siku ya nne nyumba zote zilikuwa tupu.

Mlima ulikuja siku ya tisa, saa saba mchana. Tulikuwa shuleni, tumewapa baadhi yao madarasa ya kulala. Sauti haikuwa kubwa kama nilivyoiogopa, ilikuwa ndefu. Tulipotoka, Bondeni haikuwapo, na ziwa lilikuwa jekundu mpaka ng'ambo. Nyumba zote kumi na saba zilikwenda, na mbuzi, na bibi mmoja aliyekuwa ameshuka asubuhi kuchimba viazi vyake, akiwa amesema anarudi sasa hivi.

Nilikwenda Nyakahanga kumwambia. Habari ilikuwa imenitangulia. Wauguzi wawili na mchungaji walikuwa wamezunguka kitanda, wanampongeza: mzee, uliona, uliokoa watu. Hakuwa anawatazama. Waliponipisha alinishika mkono kwa vidole vilivyokuwa vyepesi mno.

"Wangapi?"

"Mmoja. Yule bibi wa viazi."

Alikohoa kwa muda mrefu. Nilimfuta mdomo. Halafu akauliza, polepole, huku ananitazama machoni kama alivyowatazama mashahidi maisha yake yote, "Kiwanja cha yule bibi, ni mimi niliyemwandikia?"

Nilijua jibu. Jina la bibi lilikuwa la tatu kwenye orodha yake, kwa mwandiko ule ule. Orodha ilitundikwa ofisi ya kijiji miaka mingi na mimi ndiye niliyeitoa ukutani.

"Hapana," nikasema. "Yule alikuwa pale kabla ya viwanja. Alirithi kwa wakwe zake."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Karani."

Mvua ilikuwa imekatika, na huko nje mtu alikuwa anafagia maji varandani. Nilingoja anibane, maana nilikuwa nimesema uongo mbele ya mtu aliyejua kuubaini, na sura yangu haijawahi kujua kudanganya. Akaufumbata mkono wangu, akasema, "Asante, Mwalimu," na hakuniuliza nilijuaje.